Wi-Fi ya Mgahawani na Gharama ya Kusubiri: Tunduma, Ileje na Barabara Kuu ya Kusini

Wi-Fi inayotolewa na mgahawa kwa mteja aliyeagiza chakula ni jambo changa katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, lakini haja inayoihudumia ni kongwe kuliko mgahawa wenyewe. Mji wa Tunduma, ulioko kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, umekuzwa na watu wanaosubiri: dereva anayesubiri nyaraka za mzigo, wakala wa forodha anayesubiri malipo yathibitishwe, mfanyabiashara anayesubiri kujua bei ya mahindi ng'ambo, abiria anayesubiri basi la alfajiri. Kila kizazi cha watu hao kilikuwa na njia yake ya kuwasiliana na walio mbali wakati wa kusubiri, na kila njia ilikuwa na mtu aliyebeba gharama yake. Ikisomwa kutoka Tunduma, na kutoka kata za milimani kama Ibaba katika Wilaya ya Ileje, historia ya Wi-Fi ya mgahawani ni historia ya jinsi gharama hiyo ilivyotoka mikononi mwa dola, ikaangukia mfuko wa mteja, na kwa sehemu ndogo tu ikapokewa na mwenye mgahawa.

Yafaa kueleza istilahi kwanza, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku Wi-Fi na intaneti huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Intaneti ni mfumo wa dunia nzima wa kompyuta zilizounganishwa kwa nyaya za baharini, mikongo ya nchi kavu, minara na setilaiti. Wi-Fi ni kipande cha mwisho cha safari hiyo, yaani mawimbi ya redio yanayotoka kwenye kifaa kidogo kiitwacho ruta, kilichofungwa ukutani au kuwekwa juu ya kaunta, na kuifikia simu iliyo umbali wa mita chache au makumi kadhaa ya mita. Ruta haizalishi intaneti bali huigawa ile iliyofikishwa pale kwa waya au kwa laini ya simu. Tofauti hii ilijidhihirisha tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika kusini-mashariki mwa Afrika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi: palipokuwa na ruta alama ya Wi-Fi iliendelea kuwaka kwenye simu, lakini kurasa hazikufunguka au zilifunguka kwa taabu, kwa sababu ruta ilikuwa nzima na njia ya kuilisha ndiyo iliyokatika.

Mpaka unaoipa Tunduma riziki yake ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, uliofuata Mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa na kuiacha upande wa Waingereza barabara ya Stevenson, yaani njia iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga, Walambya na Wandali walijikuta wana ndugu pande zote mbili za mstari ambao hawakuulizwa kuhusu kuchorwa kwake. Katika ukanda huohuo tajiri na mwanasiasa wa kikoloni Cecil Rhodes, ambaye kampuni yake ya simu ya maandishi iliundwa mwaka 1892 kwa ndoto ya kuunganisha Cape na Cairo, alivuta waya kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kupitia Karonga na Abercorn, ambayo leo ni Mbala, hadi Ujiji, ulikofika mwanzoni mwa karne ya 20 na kukomea hapo. Simu ya maandishi ilikuwa njia ya kutuma maneno kwa mapigo ya umeme ndani ya waya, na malipo yake yalihesabiwa kwa neno, hivyo aliyetuma alijifunza ufupi kwa kuogopa bei. Vibarua wa Kiafrika waliofyeka njia na kusimamisha nguzo hawakuwa miongoni mwa wateja wake. Ujumbe uliopita juu ya vichwa vyao ulikuwa wa makampuni, wa wamisionari na wa serikali za kikoloni. Ni mfano wa mapema wa hali iliyojirudia baadaye katika eneo hili, ya mkondo mkubwa wa mawasiliano kupita karibu na watu bila kuteremka kwao.

Tunduma ya malori ilizaliwa na siasa. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikisafirishwa kuelekea kusini, ililazimika kutafuta bahari kupitia Dar es Salaam, na malori ya mafuta yakaanza kupita kwenye barabara ya vumbi iliyopata sifa mbaya kwa ajali zake. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara kuu ya Tanzania na Zambia ikatiwa lami miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Barabara na reli zote mbili zilipita Tunduma, na pamoja nazo zikaja nyumba za kulala wageni, vilabu vya pombe na hoteli za chakula, ambamo msafiri alipata ugali kwa nyama, wali kwa maharage, supu ya asubuhi na chai ya rangi.

Katika hoteli hizo chombo cha kwanza cha kumuunganisha mlaji na dunia kilikuwa redio ya betri iliyowekwa juu ya kabati la maandazi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilileta taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mpira, muziki wa dansi, na pia matangazo ya vifo, ambayo kwa familia nyingi yalikuwa njia ya haraka kuliko barua kumfikia jamaa aliyekuwa safarini. Jambo la kuzingatia hapa ni la kibiashara: betri zilinunuliwa na mwenye hoteli, naye hakumtoza mtu kusikiliza, kwa kuwa alijua kwamba anayesubiri taarifa ya habari huongeza kikombe cha pili cha chai. Kwa maana hiyo hesabu ya Wi-Fi ya bure ilikwisha kufanyika miongo kadhaa kabla ya Wi-Fi kubuniwa. Redio, hata hivyo, ilisema bila kusikia. Aliyetaka kujibu alikwenda posta, akaandika barua au akaomba kuunganishwa na opereta, akasubiri, na mara nyingi akaambiwa laini imejaa. Huduma hiyo ilikuwa ya dola: hadi mwaka 1977 ilikuwa chini ya shirika la posta na simu la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika ikawa chini ya shirika la Tanzania lenyewe.

Dola hiyohiyo ilikuwa na mashaka na mashine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, uamuzi uliotokana na uhaba wa fedha za kigeni na pia na hasara ambayo mifumo ya kompyuta ya Wizara ya Fedha ilikuwa imesababisha. Marufuku hiyo ililegezwa polepole miaka ya 1980 na kupotea miaka ya 1990. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ililigawa shirika la zamani, kampuni ya simu ya TTCL ikaanza kazi peke yake mwaka 1994, na mwaka huohuo Mobitel ikaleta simu za mkononi. Vodacom ilifuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Minara ya kampuni hizi ilifuata barabara kuu, kwa kuwa ndiko wateja walikokuwa, na Tunduma ikanufaika kwa kuwa njiani ilhali vijiji vya Ileje, vilivyo nyuma ya milima, vilisubiri.

Hapo ndipo gharama ilipoanza kuhamia kwa mteja kikamilifu. Mwenye simu alinunua vocha, akakwangua, akapiga. Asiye na simu alilipia dakika kwenye kibanda cha simu. Mwenye hoteli alibaki na kazi moja mpya, nayo ni umeme: simu ilihitaji kuchajiwa, na soketi iliyokuwa nyuma ya kaunta ikawa bidhaa, mara nyingine ya bure kwa aliyekula, mara nyingine ya kulipia kwa sarafu chache. Historia za mawasiliano huipita haraka soketi hiyo, na si haki, kwa sababu ndiyo iliyowazoesha wenye migahawa wa Tanzania wazo kwamba meza inaweza kuuza kitu kisicholiwa.

Intaneti yenyewe iliingia nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa njia ya setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa kuwa hadi mwaka 2009 Tanzania haikuwa na waya wa baharini wa kisasa, kila ujumbe ulipanda huko juu na kushuka tena, kwa ucheleweshaji ulioonekana kwa macho na kwa bei ambayo mtu mmoja hakuimudu. Suluhisho lilikuwa intaneti kafe, yaani chumba chenye kompyuta kadhaa, nyingi zikiwa za mtumba, ambamo mteja alilipa kwa nusu saa au saa. Intaneti kafe zilianzia Dar es Salaam, zikaenea Arusha, Mwanza na Mbeya, kisha zikashuka katika miji midogo ya barabarani. Licha ya sehemu ya pili ya jina lake, wengi waliingia humo bila kutarajia kahawa. Siku kubwa ya mwaka ilikuwa siku ya matokeo ya kidato cha nne, ambapo wanafunzi na wazazi wao walipanga foleni wasomewe namba zao za mtihani kutoka kwenye kurasa za Baraza la Mitihani, na mwenye kafe, aliyejua thamani ya haraka ya mtu, alipanga bei kwa kuitazama foleni.

Wakati huo, mbali na hapo, Wi-Fi ilikuwa inazaliwa, na asili yake ina uhusiano na jiko ambao waandishi wa migahawa hawaugusi sana. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano kutumia bila leseni masafa ambayo yalikuwa yametengwa kwa mitambo ya viwandani na ya matibabu, likiwemo eneo la masafa ya gigahezi 2.4 ambalo ndilo linalotumiwa na tanuri za mawimbi za kupashia chakula. Masafa ni idadi ya mapigo ya wimbi kwa sekunde, na eneo hilo lilionekana kuwa jalala, kwa kuwa kelele za tanuri zililifanya lisifae kwa matangazo. Wahandisi walibuni njia ya kusambaza ujumbe katika masafa mengi kwa pamoja ili kelele zisiuue wote, taasisi ya wahandisi ya IEEE ikatoa kiwango chake cha kwanza, kinachojulikana kwa namba 802.11, mwaka 1997, na mwaka 1999 kampuni zilizotengeneza vifaa hivyo zikaungana na kukipa kiwango hicho jina la biashara la Wi-Fi. Kwa hiyo mgahawa unaoweka ruta karibu na tanuri ya kupashia chakula unarudisha ugomvi wa zamani, na mteja anayelalamika kwamba mtandao unakwamakwama kila chakula kinapopashwa moto huenda analalamika kwa haki.

Migahawa ya Marekani ilipoipokea teknolojia hiyo haikuifanya bure. Starbucks ilitangaza mpango wake mwaka 2001, na kwa miaka mingi mteja alilipia muda wa kuunganishwa. McDonald's ilipofanya majaribio jijini New York mwaka 2003 ilitoa saa moja ya bure kwa aliyenunua mlo kamili, na aliyetaka zaidi alilipa. Ushindani wa migahawa midogo iliyotoa bure ndio uliovunja bei: McDonald's iliondoa malipo katika migahawa yake ya Marekani Januari 2010 na Starbucks ikafuata tarehe 1 Julai mwaka huo. Hesabu ya wafanyabiashara hao ilisimama juu ya kompyuta mpakato, kwani mteja aliyekuja na kompyuta hakuwa na njia nyingine ya kuunganishwa akiwa nje ya nyumba au ofisi, na kwa hiyo mgahawa ulikuwa na kitu ambacho hakukibeba mfukoni. Kwamba kitu hicho kilikuwa haja ya lazima hata katika nchi tajiri kulionekana Agosti 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, pale picha ya wasichana wawili waliokaa chini nje ya mgahawa wa Taco Bell mjini Salinas, California, wakisoma kwa kutumia Wi-Fi ya mgahawa huo, ilipoenea duniani.

Afrika Mashariki iliupokea mtindo huo kwanza Nairobi. Java House, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilikuza mtindo wa mgahawa ambamo mtu huagiza kahawa moja na kukaa saa nyingi, na ilipoongeza Wi-Fi ikawa ofisi isiyo na kodi kwa waandishi, wafanyakazi wa mashirika na vijana wa programu za kompyuta, kabla na hata baada ya kituo cha teknolojia cha iHub kufunguliwa mwaka 2010 kuwa makazi yao rasmi. Dar es Salaam ilikuwa na migahawa ya namna hiyo Masaki, Msasani na kwenye maduka makubwa kama Mlimani City. McDonald's haijawahi kufungua Kenya wala Tanzania, hivyo mtindo wa Wi-Fi na mkate wa nyama ulienezwa na wengine, hasa wenyeji na kampuni kutoka Afrika Kusini. Wateja wake walikuwa tabaka dogo, na mtu anayeandika historia ya Wi-Fi ya Afrika Mashariki kwa kuitazama Java House peke yake ataandika historia ya wenye kompyuta mpakato.

Kusini mwa Tanzania mpangilio wa matukio ulikuwa kinyume. Waya wa Seacom ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na serikali ikaanza wakati huohuo kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao wa nyaya za nyuzi za kioo zinazobeba taarifa kwa mwanga, ambao umepita katika mikoa yote ya bara na kuvuka mipaka kwenda nchi jirani. Vituo viwili vya kuvukia viko katika pembe hii: Tunduma kwenda Zambia na Kasumulu kwenda Malawi. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa, ulirithi barabara kuu mbili kwa pamoja, ya lami na ya mwanga. Lakini uwezo huo wa mkongo haukuingia migahawani moja kwa moja. Uliingia kwanza kwenye minara, kutoka huko ukaingia kwenye simu janja za bei nafuu, na mteja wa Tunduma alipoketi kula alikuwa tayari na intaneti mfukoni, aliyoinunua kwa kifurushi cha siku au cha wiki. Kufikia mwaka 2023 takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilihesabu zaidi ya watumiaji milioni 30 wa intaneti nchini, karibu wote wakiwa wameunganishwa kwa simu za mkononi.

Ndiyo maana katika miji ya barabara kuu Wi-Fi ya mgahawani haikuwa mlango wa intaneti, ilikuwa nafuu ya bando. Uzito wa suala la bando ulionekana tarehe 2 Aprili 2021, pale viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika na kuzua malalamiko makubwa kiasi kwamba vilisitishwa siku hiyohiyo. Mtu anayehesabu megabaiti haombi nywila ya mgahawa ili afungue barua pepe, ambayo hula kidogo. Huiomba ili apakue filamu, asasishe programu za simu, atazame mpira au apige simu ya video bila kuitazama saa. Matumizi hayo ndiyo mazito kuliko yote, nayo humwangukia mwenye mgahawa ambaye labda amejiunga na huduma ya nyuzi za kioo, au ameweka tu laini ya simu ndani ya ruta na kuilipia kwa kifurushi kama mteja mwingine yeyote. Hapo hali ya kuchekesha hutokea: mwenye mgahawa naye ananunua bando, na wateja watatu wanaotazama video wanaweza kulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Muda wa kukaa ndio unaoamua kama gharama hiyo ina faida. Katika hoteli za njiani ambamo mabasi ya masafa marefu husimama, abiria hupewa dakika chache za kula na kujisaidia, na mwenye hoteli anayeuza chipsi na kuku kwa foleni hana sababu ya kumpa mtu nywila ambayo hatamaliza kuiandika kabla honi haijapigwa. Mama lishe, ambaye faida yake iko katika idadi ya sahani na ambaye benchi lake linahitajika na mlaji anayefuata, ana sababu ndogo zaidi. Tunduma ni tofauti kwa sababu ya foleni ya malori, ambayo kwa miaka mingi ilifahamika kwa kunyooka kwa kilomita kadhaa na kumweka dereva mpakani kwa siku, si kwa saa. Dereva huyo hana ofisi wala nyumba mjini hapo. Ana chumba cha lori, simu, na mgahawa. Wakala wa forodha anayemhudumia hujaza taarifa katika mifumo ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, na upande wa pili, Nakonde, mfumo mwingine wa Zambia unasubiri kujazwa vilevile. Kwa watu hao mgahawa wenye meza, soketi na Wi-Fi ni sehemu ya miundombinu ya mpaka, ijapokuwa hautajwi katika ripoti za bandari wala za forodha.

Methali ya mgeni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, inaeleza kwa usahihi tatizo la mwenye mgahawa wa namna hiyo. Mgeni wa Wi-Fi hukaa, na soda moja huweza kukalia meza nzima tangu asubuhi. Majembe waliyobuni wenye migahawa ni ya aina nyingi: nywila inayoandikwa kwenye risiti, nywila inayobadilishwa kila asubuhi, muda unaokatika baada ya saa moja, ruta inayozimwa wakati wa wateja wengi, na katika miaka ya karibuni vocha za Wi-Fi za kulipia, ambazo mtu hununua kwa shilingi mia kadhaa na kutumia kwa muda uliowekwa. Hilo la mwisho limeigeuza huduma kuwa biashara kamili na kuirudisha karibu na intaneti kafe ya mwaka 2003, ila sasa kompyuta inaletwa na mteja mwenyewe. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 huitaka biashara ya kuuza mawasiliano kwa umma iwe na leseni, na si kila mwenye ruta anayejiona kuwa ndani ya sheria hiyo.

Sheria ilimfikia mwenye mgahawa kwa njia nyingine pia. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe kuweka kamera, kuwasajili watumiaji kwa vitambulisho na kutumia anwani za mtandao zisizobadilika ili kila tendo liweze kufuatiliwa hadi mahali lilipotendeka. Mantiki yake ilifanana na ile ya usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019: kila mawasiliano yawe na mwenyewe. Wi-Fi ya mgahawani huisumbua mantiki hiyo, kwa sababu watu ishirini walioketi mezani huonekana kutoka nje kama mtumiaji mmoja, na jina linaloonekana ni la mwenye mgahawa. Kanuni ziliandikwa kwa kukifikiria chumba chenye kompyuta. Kibanda cha chipsi chenye ruta kilikaa pembeni mwa fikra hiyo. Upande wa pili wa suala hilo ni usalama wa mteja. Oktoba 2010 mtaalamu wa programu wa Marekani, Eric Butler, alitoa hadharani programu iitwayo Firesheep iliyoonyesha kwamba mtu yeyote aliyekaa kwenye mgahawa wenye Wi-Fi isiyo na nywila angeweza kuziingia akaunti za majirani zake wa meza, na tangu hapo tovuti kubwa zilihamia kwenye usimbaji, yaani kuyafumba maelezo kwa msimbo kuanzia kwenye simu hadi yanakokwenda. Hatari iliyobaki ni ya mtandao bandia wenye jina linalofanana na la mgahawa, na ya ukurasa wa kuingilia unaodai namba ya simu na majina. Kuhusu hilo la pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali ya kuzikusanya.

Ibaba iko nje ya picha hii yote, na ndiyo inayoifanya ieleweke. Kata hiyo ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Ileje, ambayo makao yake makuu ni Itumba na ambayo kusini inapakana na Malawi kwa Mto Songwe. Ni nchi ya milima na mabonde, ya kahawa, mahindi na maharage, na ya mashamba yaliyo kwenye miteremko mikali. Mawimbi ya mnara husafiri kwa kunyooka, na mlima mmoja hutosha kuliweka bonde zima kivulini, kwa hiyo mnara unaohudumia eneo kubwa kwenye tambarare huhudumia kitongoji kimoja au viwili tu milimani, na kampuni ya simu huona hasara kabla haijajenga. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kutoa ruzuku ya minara mahali pasipovutia biashara, ulilenga maeneo ya namna hii, na kampuni ya simu ya Halotel, iliyoingia sokoni Oktoba 2015, ilikuja na makubaliano na serikali ya kufikisha huduma kwenye maelfu ya vijiji. Katika nchi kama hiyo mgahawa wa kukaa saa nyingi hauna mteja wa kuusimamisha. Mwenye kuuza chai na maandazi siku ya soko humhudumia mkulima aliyeshuka kwa shughuli na atakayepanda tena kabla ya giza. Kinachochukua nafasi ya ruta ni hotspoti, yaani simu ya mtu mmoja inayogawa bando lake kwa wengine kwa mawimbi yaleyale ya Wi-Fi. Kijana mwenye bando huombwa awashe, naye huwasha au hukataa kwa kutazama undugu, deni na kiasi kilichobaki, hivyo kazi ambayo mjini hufanywa na nywila iliyo kwenye risiti, hapa hufanywa na mahusiano.

Ng'ambo ya mipaka mambo yamekwenda njia nyingine. Malawi na Zambia zote mbili zilianza kupata mwaka 2023 huduma ya setilaiti za Starlink, ambazo huzunguka karibu na dunia kuliko zile za zamani na hivyo hazina ucheleweshaji mkubwa, ilhali Tanzania haikutoa leseni kwa wakati huo. Kwa milima kama ya Ileje, ambayo kikwazo chake kikubwa ni mlima kusimama kati ya mnara na nyumba, setilaiti inayotazama kutoka juu ndiyo teknolojia inayofaa zaidi, na ni kejeli ya kijiografia kwamba wilaya moja imepakana na nchi inayoitumia, jirani na nyingine inayoitumia, bila kuwa nayo. Serikali kwa upande wake imechagua kupanua mkongo na kuweka Wi-Fi ya bure katika baadhi ya maeneo ya umma. Mwaka 2022 TTCL iliifikisha intaneti hadi Mlima Kilimanjaro, kwanza Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kisha kileleni, mafanikio ya kihandisi yasiyo na ubishi, ingawa mkulima wa kahawa wa Ileje anaweza kuuliza kwa nini mlima wenye watalii ulitangulia milima yenye wakazi.

Umeme uliongeza mpasuko mwingine. Mgao wa umeme uliodumu kuanzia miezi ya mwisho ya 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulionyesha kwamba mnara wenye betri huendelea kufanya kazi wakati ruta ya mgahawa imezimika pamoja na jokofu, na kwamba mgahawa wenye jenereta huvuta watu wanaotaka soketi na Wi-Fi hata kama hawana njaa.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, huenda yakatoka forodhani. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili, na lengo lake lililotajwa lilikuwa kupunguza siku za kusubiri. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa takriban kilomita 50, nayo ilijengwa kwa lami ili kuiunganisha barabara kuu na mpaka wa Malawi kupitia Ileje, na hivyo kuielekeza sehemu ya misafara kwenye wilaya ambayo haikuwahi kuwa njia ya malori makubwa. Kila saa inayopungua kwenye foleni ya Tunduma ni saa inayopungua mezani. Lakini kazi za ofisa mwenye mhuri zimehamia kwa kiasi kikubwa kwenye mifumo ya kielektroniki, na mifumo hiyo nayo hukwama: malipo hayajaonekana, namba ya kumbukumbu haijatoka, mtandao unasumbua. Dereva aliyekuwa akisubiri zamu ya lori lake sasa husubiri jibu la mfumo, na jibu hilo huja kupitia simu iliyounganishwa na ruta ya mahali alipoagizia chakula.